Upepo wa Nyumbani

Niliingia kwenye mafunzo ya mawimbi nikiwa na dekio mkononi. Ofisi yetu ya pale Musoma ni ndogo, inashughulika na mambo ya ziwa, na mimi ni mhudumu wake. Nafagia, napiga deki, nachemsha chai, na kuwaambia wageni kwamba afisa ametoka kidogo, hata kama ametoka tangu juzi. Mwaka ule ulikuja mradi. Ulikuja na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kompyuta sita mpya, na bango kubwa la kitambaa lenye picha ya kijana wa Kizungu amesimama juu ya ubao kwenye wimbi la bahari lenye urefu wa nyumba ya ghorofa. Ziwa letu halijawahi kufanya hivyo, lakini bango lilikuwa limeshachapishwa.

Mradi ulitaka washiriki wanane, na kati yao wanawake wasipungue wawili. Ofisi nzima ilikuwa na mwanamke mmoja mwenye cheo, na bosi alishaahidi wawili kwa maandishi. Akatoka kwenye korido, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona.

"Dada, weka dekio hapo nje, njoo ukae."

Nikakaa. Ikapita orodha ya mahudhurio. Kwenye safu ya elimu nikaandika Kidato cha Pili. Mtunza kumbukumbu akaisoma, akashusha pumzi, akachukua kalamu na kuongeza pembeni kwenye mabano: anaendelea. Tangu niache Kidato cha Pili imepita miaka kumi na saba, kwa hiyo naendelea polepole.

Shule niliiacha Mugeta, kule Bunda, kwenye pamba. Baba alifariki wakati wa kupalilia, mama akafuata kabla pamba ya msimu uliofuata haijavunwa. Tulikuwa watano, mimi wa kwanza. Ndugu wakakaa kikao cha kutugawana. Aliyekuwa na ng'ombe alitaka mvulana wa kuchunga, aliyekuwa na mtoto mchanga alitaka msichana wa kulea, na wa mwisho wetu, ambaye hakuwa na kazi anayoiweza, hakuna aliyemtaja. Nikasema hapo kikaoni kwamba hatachukuliwa hata mmoja. Baba yangu mdogo akaniuliza nitawalisha nini, mwandiko wangu mzuri? Watu wakacheka, maana kweli nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijulikana nao. Niliwachukua wote tukaenda kupanga chumba Nyasho, Musoma, na kazi ya ofisini niliipata baadaye kwa sababu bosi aliyekuwepo alitaka mtu wa kuandika kitabu cha wageni kisomeke. Kwa hiyo ndiyo, mwandiko.

Mtaalamu alikuwa mtu mpole, mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa amesomea mawimbi katika nchi tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo yenye sangara. Kila alipotaka kusema ziwa alisema bahari. Dereva wetu, ambaye huingia kila panaponukia chai, alikuwa anakohoa kila akilisikia neno hilo, mpaka mtaalamu akamuuliza kama ana kifua.

Siku ya kwanza na ya pili alituonyesha ziwa kwenye ukuta. Alikuwa amelikata viraba vidogo vidogo kama daftari la hesabu, na kila kiraba kilikuwa na rangi yake. Akabonyeza, ziwa likaanza kutembea. Lilipanda taratibu, likashuka taratibu, likapanda tena. Maafisa wakaandika. Mimi nililitazama sana. Miaka yote nimepita pembeni mwa lile ziwa kwenda kazini, asubuhi na jioni, na sijaliona likifanya vile. Siku ya tatu nikanyoosha mkono.

"Mtaalamu, mbona linapanda na kushuka kama linapumua?"

Akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni kupwa na kujaa kwa maji. Nikamwambia labda kwa wenzetu wa pwani, ila hapa maji hayapwi. Akanitazama, akaitazama kompyuta, akafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Kumbe alikuwa ametuletea mipangilio yake yote kutoka pwani, alikokuwa akifanyia kazi. Kupwa kulikuwemo, kujaa kulikuwemo, na chumvi ilikuwemo. Siku mbili nzima maafisa saba wa ziwa, wengine wamezaliwa hatua mia kutoka kwenye maji, walikuwa wamelitazama Ziwa Victoria likijaa na kupwa, na hakuna aliyesema neno. Mmoja alikuwa ameshanakili saa za maji kujaa.

Tangu siku hiyo dereva akaniita Profesa wa Chai. Jina likashika. Hata bosi alilitumia akitaka maji ya moto.

Lakini mimi nilishaipenda ile kazi. Mtaalamu alipotuliza bahari yake alieleza vizuri, na alieleza kitu ambacho mtu wa Kidato cha Pili anaweza kukielewa. Upepo ukisukuma maji mwendo mfupi, wimbi ni dogo. Ukiyasukuma mwendo mrefu bila kukutana na nchi kavu, wimbi linakua njiani, kama umbea unaotoka Bunda asubuhi na kufika Musoma mchana. Likifika kwenye maji ya kina kifupi linakwaruza chini, linainuka na kuvunjika. Kompyuta haina maajabu. Unaiambia kila kiraba kinakwenda chini kiasi gani, na upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani, halafu kila kiraba kinamwuliza jirani yake, wewe umenipa nini? Kinaongeza cha upepo, kinatoa kilichopotea, kinampa jirani wa upande wa pili. Basi. Inarudia hivyo maelfu ya mara bila kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Nilifanya mazoezi kila siku saa tisa alasiri, wakati maafisa wamekwenda kwenye kile wanachokiita fildi. Mara ya kwanza niliingiza kina cha maji nikasahau alama ya kutoa. Nikapata Ziwa Victoria limekaa juu ya mlima, kavu, bila wimbi hata moja. Mtaalamu alicheka mpaka akafungua kifungo cha juu. Nikarudia. Mara ya nne likakaa bondeni pake. Nilikuwa na daftari, na kila kosa nililiandika pamoja na dawa yake. Wenzangu waliendelea kuja kwa sababu ya mchele wa mchana, na sitawalaumu, mchele nilikuwa naupika mimi.

Kilichobaki ni upepo. Mradi ulikuwa na kipima upepo chake, lakini kilikuwa bado bandarini kikisubiri karatasi. Mtaalamu akasema haidhuru, tutatumia maarifa ya wenyeji. Alilisema hilo kwa furaha, maana kwenye ripoti kulikuwa na kichwa cha habari kinachoitwa hivyohivyo na chini yake palikuwa peupe. Likaandaliwa dodoso. Maafisa wakalitazama tope la mialoni, huko wavuvi wanakoegesha mitumbwi, wakatazama viatu vyao. Nikapewa mimi.

Nilizunguka mialo ya Musoma wiki mbili, nikiuliza upepo mkali ni upi na unavuma saa ngapi. Wavuvi wale hawaoni taabu kujibu, taabu ni kuwanyamazisha. Mmoja aliniuliza kama serikali sasa inataka kuuandikisha upepo. Mwingine aliniambia niandike kwamba upepo mkali kuliko wote unatoka kinywani mwa mwenyekiti wao wa mwalo, na mwenyekiti alikuwa amesimama hapohapo. Lakini kwenye jambo lenyewe walijibu wote sawasawa. Asubuhi kuna upepo wa ziwani, mwepesi. Alasiri kuna upepo wa nyumbani, na huo ndio mkali, huo ndio wa mawimbi. Niliandika kwa mwandiko wangu wote: upepo wa nyumbani.

Nikamkabidhi mtaalamu. Akauliza, "Nyumbani ni wapi?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Nyumbani ni huku nchi kavu, mtaalamu. Kwa mtu aliye ziwani, ni mashariki."

Kompyuta inataka iambiwe upepo unatoka upande gani, kwa namba. Mashariki ni nyuzi tisini. Akaandika tisini. Nilirudi jikoni najiona mtu.

Baada ya siku chache ramani ikatoka, na hapo ndipo niache mzaha kidogo, kwa sababu ramani ile ilikuwa inamhusu mdogo wangu.

Mdogo wangu mmoja, wa tatu kati yetu watano, ni mvuvi. Ndiye yule aliyekuwa achukuliwe akachunge ng'ombe. Ana mtumbwi mmoja wa tanga, na huo mtumbwi ndio ulionisaidia kusomesha wawili wa mwisho, na mpaka leo ndio unaolisha nyumba mbili. Anauegesha kwenye mwalo mdogo unaotazama ghuba, nyuma ya mawe makubwa yanayoligeuzia ziwa mgongo. Ni mahali pa kubanana na pananuka, lakini maji yake yametulia kama ya kunawia uso. Mradi ulikusudia kujenga gati pamoja na vichanja vya kuanikia dagaa mahali patakapoonekana salama, na mitumbwi yote ya mialo midogo ihamishiwe hapo. Ramani ikaonyesha mwalo wa mdogo wangu mwekundu, hatari. Ufuo ulio wazi upande wa pili, unaotazama ziwa kubwa lote mpaka macho yanaposhindwa, ukaonyesha kijani, salama. Bosi akafurahi sana, kwa sababu ule ufuo una nafasi ya kuegesha magari ya wageni. Ikapangwa warsha, mgeni rasmi atangaze, na mitumbwi ihame mwisho wa mwezi.

Sasa, pale penye kijani mdogo wangu aliwahi kuvunjikiwa mtumbwi. Si yeye tu. Ukienda leo utakuta mbao.

Nilimwambia mtaalamu. Akasema tukio moja si takwimu. Nikaona ana haki. Kwa hiyo nikachukua fito ndefu, nikaipaka rangi kila shubiri, mdogo wangu akaisimika kwenye ule ufuo wa kijani, na siku sita mfululizo saa kumi alasiri akasoma maji yanapiga wapi na kunitumia ujumbe. Ramani ilisema wimbi la kifundo cha mguu. Mdogo wangu alisema kifuani. Siku ya saba alisema fito imeondoka.

Nikapeleka karatasi. Mtaalamu alizisoma, akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Dada, wavuvi wanatia chumvi."

"Chumvi uliileta wewe, mtaalamu. Ilikuwa kwenye ile mipangilio ya pwani."

Dereva alilazimika kutoka nje. Lakini maneno ya kuchekesha hayahamishi ramani, na mtaalamu alibaki na tisini yake na mimi nikabaki na fito iliyopotea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliikagua kazi yote. Kina kilikuwa sawa, viraba sawa, chumvi imetolewa. Kompyuta ilikuwa inafanya nilichofundishwa, na ilikuwa inasema uongo.

Jumapili nilikwenda Butiama kumwona shangazi, ndugu pekee ambaye hakuja kwenye kile kikao cha kutugawana, kwa sababu hakuambiwa. Alikuwa anaanika mihogo. Akaniuliza siku hizi nafanya nini huko ofisini, nikamweleza najifunza kutengeneza mawimbi kwenye kompyuta.

"Yaliyopo hayatoshi?"

Nikamweleza kwamba ni ya kujua kabla, ili watu wasife maji. Akasema sawa, lakini mbona hao wanaofundishwa ni wale ambao hawaingiagi majini? Halafu akatazama mbinguni, akasema mvua ya Serengeti hiyo inakuja, tukaanza kuingiza mihogo ndani, na kweli mvua ikaja kutoka upande wa Serengeti, ikatulowesha wote.

Jumatatu nikapita mwaloni kabla ya kazi. Mdogo wangu alikuwa anashona nyavu. Nikamuuliza jana ilikuwaje.

"Jana nzuri, dada. Upepo wa nyumbani ulitushika mapema, tulipandisha tanga tu, hata kasia hatukugusa. Punde tuko hapa."

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Nikarudi.

"Upepo wa nyumbani ndio uliokuleta nyumbani?"

Akanitazama kama nimeugua. "Sasa ungenipeleka wapi?"

"Si unatoka nyumbani?"

"Unatokaje nyumbani, dada? Ukitoka nyumbani si utanirudisha ziwani? Huo ni wa ziwani. Tunauitaga wa ziwani kwa sababu unakwenda ziwani." Akamgeukia mwenzake, akamwambia kwamba huyu ndiye anayetupigia hesabu ya mawimbi. Mwenzake akamwuliza kama mimi ndiye yule Profesa. Jina lilikuwa limeshafika mwaloni.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mimi ni mtoto wa pamba. Kwetu Mugeta, na kwa shangazi Butiama, mkulima amesimama shambani hasafiri na kitu chochote, anasubiri kinachomjia. Kwa hiyo mvua ya Serengeti ni mvua inayotoka Serengeti. Lakini mvuvi wa tanga, upepo kwake ni gari. Na gari hakuna anayeliita kwa linakotoka. Nenda stendi ya Musoma, gari la Bunda ni lile linalokwenda Bunda. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na saba, nimekula samaki wao, nimewaandika kwa mwandiko mzuri, na bado niliusikiliza upepo wao kwa masikio ya mtu anayepalilia. Mtaalamu alileta chumvi ya pwani, mimi nikaleta mvua ya Mugeta, na kati yetu wawili tukawa tumeligeuza ziwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Alikuwa anasahihisha hotuba ya mgeni rasmi. Akasema warsha ni Alhamisi, kadi zimeshatoka, ng'ombe ameshalipiwa, na sasa mhudumu anamwambia upepo umegeuka? Mtaalamu alikuwa safarini, angefika Alhamisi asubuhi pamoja na mgeni. Nilimwomba bosi aniruhusu nibadilishe ile namba moja tu, tuone. Akasema hakuna wa kugusa. Kama nina hoja, kwenye ratiba kuna kipengele cha Mengineyo.

Mengineyo, kwa asiyezijua warsha zetu, ni kipengele cha mwisho, kinachokuja wakati harufu ya pilau imeshaingia ukumbini na watu wameanza kuvaa miwani ya jua. Hakuna kitu kilichowahi kuamuliwa kwenye Mengineyo. Nilimwambia ahsante bosi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kijana wa Kizungu wa kwenye lile bango alikuwa nyuma ya meza kuu, amening'inia. Wavuvi waliwekwa viti vya nyuma, wenyeviti wa mialo wamevaa makoti, na mdogo wangu alikuja na shati la harusi ya mwenzake. Nilikuwa nimemweleza bosi alivyonijibu. Alikuwa amesema tu kwamba wakihamishwa kule atauza mtumbwi kabla ziwa halijauvunja tena, arudi Mugeta kulima. Alisema hivyo akiwa anatazama pembeni. Kwa hiyo wakati mtaalamu anaonyesha ufuo wa kijani na watu wanapiga makofi, mimi nilikuwa nagawa chai na kusubiri Mengineyo.

Mwenyekiti wa warsha akauliza kama kuna mengineyo, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Nikaweka chupa ya chai chini, nikanyoosha mkono.

"Dada, vipi, chai imeisha?"

"Chai ipo. Nina swali kwa mtaalamu."

Bosi alikuwa ananitazama kwa namna ambayo nimeizoea. Mtaalamu, Mungu ambariki, akasema niulize.

"Mtaalamu, ukienda hapo stendi ukapanda gari la Bunda, unashuka wapi?"

Akafikiri kwamba ni mtego, na kweli ulikuwa mtego. "Bunda," akasema.

"Na ukipanda upepo wa nyumbani, unashuka wapi?"

Kule nyuma mzee mmoja mwenye koti akajibu yeye, "Nyumbani." Halafu akacheka. Wakafuata wengine, mstari wote wa nyuma, wakaanza kupigana mabega na kuelezana, na mmoja akasema kwa sauti kwamba kumbe hawa miezi yote walikuwa wanatuendesha rivasi. Watu wa mbele walikuwa bado hawajaelewa wanachochekewa. Mtaalamu alielewa. Nilimwona akielewa, kwa sababu alifungua kifungo cha juu.

Nikaongeza, maana lisingekuwa jambo la haki kuliacha: "Kosa ni langu, mtaalamu. Uliniuliza nyumbani ni wapi. Hukuniuliza upepo unatoka wapi, na mimi sikukumbuka kukwambia, kwa sababu sikujua."

Mheshimiwa mgeni rasmi aliuliza kuna nini. Mtaalamu akamwambia kuna namba moja ya kuhakiki. Akakaa kwenye kompyuta mbele ya watu wote, akafuta tisini, akaandika mia mbili na sabini, yaani magharibi. Kompyuta ikaanza kuuliza viraba vyake kimoja kimoja. Ile kazi huchukua muda, kwa hiyo pilau likatolewa, na mheshimiwa alikuwa na nyama mdomoni ramani mpya ilipotokea ukutani. Ufuo wa magari ya wageni ulikuwa mwekundu kama pilipili. Mwalo wa nyuma ya mawe ulikuwa kijani kabisa.

Mheshimiwa akameza. "Kwa hiyo ziwa limebadilika wakati tunakula?"

Hotuba yake ilikuwa inautaja ule ufuo mara saba, akaisoma akiuruka kila mara, na ikawa hotuba fupi na nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia pale ukumbini. Uhamisho ukafutwa siku hiyohiyo. Gati, wakasema, litajengwa nyuma ya mawe, litakapojengwa.

Ripoti ilipotoka nililisoma hilo jambo kwenye ukurasa wa hamsini na kitu. Iliandikwa kwamba takwimu za upepo zilifanyiwa maboresho kwa njia shirikishi. Chini ya kichwa cha Maarifa ya Wenyeji sasa pana aya mbili. Mimi nimeshukuriwa mwishoni, pamoja na dereva, kwa huduma. Lakini mtaalamu, kabla ya kuondoka, aliniachia neno la siri la kompyuta na kuniambia mbele ya bosi kwamba nisipoiendesha mimi hakuna mwingine pale anayeijua. Bosi alikubali, kwa sharti kwamba iwe baada ya deki.

Siku ile ya warsha, mdogo wangu alinikuta naosha vikombe nyuma ya ukumbi. Alikuwa ameshiba na ametulia, mara ya kwanza kwa wiki kadhaa.

"Dada, nikuulize. Mmekaa miezi minane na kompyuta sita, mje mtuambie tubaki tulipo?"

"Ndiyo."

"Na hizo kompyuta zingekuwa hazipo?"

"Mngebaki mlipo."

Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti la soda. Nilicheka pia, ingawa si kama yeye. Nilimwambia jambo moja, na sijui kama alilichukua. Nilimwambia hawa wangewahamisha tu, siku yoyote, bila kompyuta, kwa sababu kule kuna nafasi ya magari. Mtu akinyoosha kidole akasema hameni, huwezi kukifungua kidole chake ukaona alikosea wapi. Kompyuta unaifungua, unaikuta tisini imekaa, unaifuta.

Akasema, "Basi iulize mawimbi ya kesho saa kumi, nyuma ya mawe. Nitakwambia kama ina akili."

Kesho yake nikamaliza deki, nikakaa, nikaiendesha, nikamtumia ujumbe kwamba maji yatakuwa shwari kabisa. Saa kumi na nusu akanijibu: Siyo kabisa, dada. Kuna ka-wimbi. Rudia.

Nikarudia.